Hajawahi Kuingia

Tangu matokeo yatoke, hakuna mtu aliyeleta gari katika gereji ya Hamissi pale Ngagara akaondoka bila kusikia habari za Kudra. Ulikuja kubadilisha breki, ukarudi nyumbani unajua kwamba binti wa kwanza wa Hamissi yuko chuo kikuu, kitivo cha sayansi, na kwamba katika ukoo wao wote hakuna mwingine aliyewahi kufika huko. Mafundi wenzake walishaacha kumwita kwa jina lake. Walimwita Papa Ingénieur, baba wa injinia, naye aliitika.

Kwa hiyo Jumatano ile, Carina nyeupe ilipoingia inatoa mvuke, na mwenye gari, bwana mpole mwenye miwani aitwaye Prudence, akasema kwamba ni mwalimu wa chuo, Hamissi hakungoja hata injini ipoe.

"Monsieur Prudence, na mi niko na mutu huko kwenu. Mutoto wangu, Kudra. Ameingia mwaka huu, Sayansi."

"Sayansi? Basi ni wangu! Wa mwaka wa kwanza wote ni mi nawafuatilia."

Hamissi alicheka kwa nguvu ili hata waliokuwa wakipiga gurudumu upande wa pili wa ua wasikie. Rachidi, fundi wa magurudumu, aliacha nyundo akasogea, na kijana wa rangi akamfuata.

"Unasikia, Rachidi? Huyu ndiye mwalimu wake!"

Prudence alikuwa mtu wa kupenda kazi yake, na alipenda kuieleza. Akatoa simu. Mwaka huu, alisema, chuo kimefungua jukwaa la mtandaoni kwa wanafunzi wapya, ili wasipotee kama waliowatangulia. "Wengi wanatoka shule ya lycée wanafika kwetu wanaangukia kama ndani ya shimo. Sasa iko plateforme. Mwanafunzi anaingia, anafanya test kidogo, tunajua anaweza nini na nini kinamushinda. Tunamupa mukubwa mumoja wa kumuongoza. Programu ya masomo iko mule, mazoezi iko mule. Ngoja nikuonyeshe yake."

Kidole chake kikateremka juu ya majina. Mbele ya kila jina palikuwa na kiduara cha kijani. Kikafika kwenye kiduara kimoja cha kijivu, kikasimama. Na tabasamu la Prudence likasimama pamoja nacho.

"Inasema nini?" Hamissi aliuliza, akipangusa mikono kwa kitambaa.

"Inasema hajawahi kuingia, muzee. Hata mara moja." Prudence alishusha sauti, lakini ua ulikuwa umenyamaza. "Na Ijumaa tunafunga. Wenye hawajaingia tunahesabu wameacha masomo. Nafasi zao wanapewa wenye wanangojea."

"Labda ni Kudra mwingine."

Prudence alimtazama usoni, kisha akaizima simu na kuirudisha mfukoni.

"Labda, muzee," akasema. "Inawezekana."

Upole huo ndio uliomchoma Hamissi kuliko yote. Rachidi alirudi kwenye gurudumu lake, akaanza kugonga taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yenye mgonjwa. Mpaka jioni hakuna aliyemwita Papa Ingénieur.

*

Nyumbani Mutakura, Assia, mke wa Hamissi, alikuwa ametandaza vitenge juu ya mkeka akivipiga picha. Hakuwa na duka. Duka lake lilikuwa ile simu: aliweka picha kwenye status, akaongea maneno mawili matatu ya kumvutia mtu, na wanawake wa Mutakura, wa Carama mpaka wa Uvira ng'ambo ya mpaka wakampigia. Kudra alikuwa ameketi karibu naye akikunja vilivyokwisha kupigwa picha. Mkoba wa shule ulikuwa pembeni yake.

Hamissi hakuvua viatu.

"Kudra, leo mumesoma nini?"

"Leo? Chimie, Papa."

"Na mwalimu wa chimie anaitwa nani?"

Kudra akakikunja upya kitenge alichokwisha kukikunja. Assia aliacha kupiga picha.

"Nimekutana na mwalimu wako," Hamissi alisema. "Kwa gereji, mbele ya watu. Amefungua telefone, amenionyesha jina lako. Hauendi. Hata siku moja hujaingia mule mwenye wenzako wote wameingia. Nimezunguka na jina lako katika Ngagara nzima, Kudra. Umenifanya mi niwe muongo!"

"Baba Kudra, kaa kwanza," Assia alisema.

"Sikai! Unakuwaga wapi kila asubuhi?"

"Kwa tantine Houda," Kudra alijibu. Houda alikuwa mdogo wa Assia, mshonaji. "Nilimuambia masomo ni ya mchana. Naye hana kosa, hakujua. Lakini nilienda, Papa. Wallahi, wiki za kwanza nilienda."

Akasimulia akiangalia kitenge kilichokuwa mapajani mwake. Siku ya kwanza waligawiwa vikaratasi vyenye jina la kuingilia na neno la siri. Kisimu chake cha tochi hakikuweza kufungua jukwaa, akaenda kwenye cyber. Akaandika, ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Alichodhani ni herufi O kilikuwa sifuri. Mara ya tatu jukwaa likamfungia kabisa. Akaenda kwenye dirisha la msaada.

"Iko kijana mumoja pale. Akaniambia, andika email. Nikamuambia sina email. Akasema, basi ingia kwa plateforme uombe musaada. Nikamuambia, si ndiyo imenifungia? Akageukia wenzake: 'Huyu hana hata email, alifikaje hapa?' Mustari wote nyuma yangu ukacheka, Papa. Wengine sikujua hata wanacheka nini."

Baada ya hapo, kila kitu kilikuwa ndani ya jukwaa, naye alikuwa nje. Alifika kwenye amphi, ukumbi wa masomo, akaikuta tupu, kwa sababu somo limehamishwa na tangazo liko mtandaoni. Siku alipowapata wenzake, mwalimu aliuliza nani amefanya zoezi la jana; mikono ikainuka kila mahali, naye hakujua hata kama kulikuwa na zoezi. Akavumilia siku hiyo na iliyofuata. Halafu asubuhi moja miguu yake ikakata kona kuelekea kwa Houda.

Hamissi alikuwa amekuja na maneno mengi njia nzima kutoka Ngagara. Sasa lilibaki swali moja.

"Juu ya nini haukuniambia?" akauliza, na sauti yake haikuwa ile aliyoingia nayo.

"Ulikuwa na furaha sana, Papa."

Hamissi akakaa. Alikaa juu ya vitenge, na Assia hakumwondoa.

Ni Assia aliyeongea kwanza. "Hiyo email munayosema, si ile Houda aliniwekea siku nilinunua telefone? Dakika kumi tu, na mtandao wenyewe ulikuwa unasumbua." Akamnyooshea binti yake ile simu. "Kamata. Jiwekee yako."

"Na wateja, Mama?"

"Wateja wamejua kunipata. Watanipata tena."

"Kesho asubuhi na mapema niko kwa Prudence," Hamissi alisema. "Nitamupigia magoti. Ni mutu muzuri, atamurudisha."

"Apana, Papa."

Wote wawili walimgeukia. Hakuwa amezoea kumkatalia baba yake, na ilisikika.

"Ukienda we, watafungua juu ya magoti yako. Jina ni langu. Nitaenda mi."

*

Esansi ya magari ilikuwa imekosekana tena mjini, mabasi yakawa ya kuhesabu, kwa hiyo mama na binti waliondoka Mutakura kwa miguu jua likiwa bado dogo. Kwenye geti la chuo Kudra akamwomba mama yake amngojee nje ya ofisi, karibu na ukuta. Assia akakubali, akaweka mtandio wake vizuri, akasimama mahali ambapo angeliona dirisha.

Kijana alikuwa yuleyule. Wiki zote zile Kudra alikuwa ameubeba uso wake kila alikokwenda, akilala nao na kuamka nao. Kijana mwenyewe hakumkumbuka kabisa.

"Oui, mademoiselle?"

"Compte yangu ya plateforme imefunga. Nataka munifungulie. Jina ni hili, email ni hii."

Kijana akaandika bila kuinua macho. "Sawa. Utatumiwa mot de passe, neno la siri mupya."

"Lini?"

"Kesho. Kama si kesho, Jumatatu."

"Kesho ndiyo munafunga majina."

"Mademoiselle, iko mustari nyuma yako."

"Nauona. Wapite. Mi nasimama hapa pembeni, sitoki mpaka ifike kwa telefone hii."

Kijana ndipo akainua macho. Alimwona msichana mwembamba aliyeshika simu kwa mikono miwili, amesogea pembeni tayari. Nyuma kabisa, karibu na ukuta, aliona mama mmoja ameanza kutembea kuja. Mwanafunzi aliyefuata mstarini akasema, "Si umufungulie tu, kaka? Ni kubonyeza."

Ilikuwa ni kubonyeza kweli. Simu ya Assia ikalia mkononi mwa Kudra kabla yule wa nyuma hajatoa karatasi zake.

Walikaa kwenye ngazi, kivulini. Kudra aliandika taratibu, herufi moja moja, sifuri ikiwa sifuri. Kioo kikawa cheupe, halafu kikafunguka, na jina lake likatokea juu. Chini ya jina kulikuwa na bahasha ndogo nyekundu iliyojaa ujumbe.

Wa kwanza ulikuwa wa siku masomo yalipoanza. *Bonjour Kudra. Mi ni Lisette, mwaka wa tatu. Wamenipa weye nikuongoze. Ukiwa na swali lolote, andika hapa.* Uliofuata: *Kudra, nimekutafuta kwa amphi sikukuona. Mi niko na rasta nyekundu, hauwezi kunikosa.* Halafu: *Labda plateforme inakusumbua? Na mi ilinisumbuaka.* Halafu mwingine, na mwingine. *Kama umeacha, si mubaya, lakini niambie nijue uko muzima.* Wa mwisho ulikuwa wa jana yake: *Ijumaa wanafunga. Namba yangu ni hii. Tafazali piga.*

Kudra alisoma yote, akarudi juu akaanza tena.

"Wanasema nini?" Assia aliuliza. Kusoma kwake kulikuwa kwa bei na majina ya wateja. "Wamekufukuza?"

"Iko mutu alikuwa ananitafuta, Mama. Wakati huu wote."

Assia akaitazama ile bahasha nyekundu, akamtazama binti yake aliyekuwa anapangusa pua kwa mkono wa blauzi. "Basi mupigie," akasema. "Salio liko."

*

Lisette alikuja mbio na rasta zake nyekundu, kitabu kwapani. Wazazi wake walivuka kutoka Uvira akiwa bado anabebwa, wakakaa Carama, na Kiswahili chake kilikuwa bado na ladha ya huko. Alimshika Kudra mabegani akamchunguza kama anayekagua kitu alichoagiza zamani.

"Weye ndiye Kudra? Miye nilikuchoraka kwa kichwa, nikakuweka miwani!"

Akamsalimia Assia kwa heshima, akaketi kwenye ngazi chini yao, akaeleza. Test ina sehemu tatu: hesabu, sayansi, Kifaransa cha kuandika. Ukishaanza hauwezi kusimamisha, saa inatembea. Lazima iishe kesho kabla ya adhuhuri. Asubuhi mtandao ni mwepesi, afanye asubuhi.

Kudra alisikiliza, kisha akainama kuelekea sikio lake.

"Lisette, unaona muda wenye umebaki. Nifanyie we. Hii moja tu. Ingine nitafanya mi."

Alisema kwa kunong'ona, lakini Assia alisikia, akageuza uso upande mwingine. Hata yeye alikuwa amewaza hivyohivyo.

"Apana," Lisette alisema. "Si kama nakukatalia kwa roho mubaya. Iko wenzako walitafutaka watu wa kuwafanyia. Plateforme ikasema wanajua yote, ikawaweka na wenye kujua yote. Sasa wanakaa nyuma hawaelewi kitu, na haya ya kusema ukweli imewashika. Ile kitu haitaki kujua kama uko na akili. Inataka kujua ikusaidie wapi. Ukiidanganya, itakusaidia mahali hauna shida."

"Na kama nikianguka kabisa?"

"Mi nilianguka kabisa," Lisette akasema. "Kifaransa. Nilipata kitu hata siwezi kukuambia mbele ya mama. Na niko mwaka wa tatu."

*

Ijumaa asubuhi umeme ukakatika Mutakura.

Simu ilikuwa na chaji ya kufikia labda nusu ya test. Assia aliizungusha mkononi kana kwamba angeweza kuikamua. Hamissi alivaa viatu. Alitoka, na aliporudi alikuwa amebeba begani betri ya gari, shati limelowa jasho, nyaya zimening'inia shingoni. Alikuwa amekwenda Ngagara na kurudi kwa mguu. Akaiweka katikati ya chumba juu ya gunia, akaunganisha nyaya kwa uangalifu wote alio nao, akachomeka chaja ya simu, ile ya ndani ya gari. Taa nyekundu ya chaja ikawaka.

"Anza," akamwambia Kudra.

Akaanza. Hamissi na Assia waliketi kitandani, bega kwa bega, kama watu walio katika chumba cha kungojea daktari. Kudra alikuwa anaandika hesabu kwenye karatasi, anabonyeza, anaandika. Uso wake ulikuwa umetulia. Hesabu hakuwahi kuziogopa.

Simu ikalia. Jina la mteja likafunika swali.

"Kata! Kata!" Assia alinong'ona, akasimama. Kudra akakata. Ikalia tena. Mtu yuleyule, Mama Soumaya wa Carama, mteja asiyekubali kukatiwa simu. Assia, aliyeijua namba yake kwa moyo, alitoka bila viatu mpaka kwa jirani, na kupitia ukutani wakamsikia: "Mama Soumaya, ni mi Assia, kwa namba ya jirani. Nakuomba kwa jina la Mungu usipige ile ingine! Kitenge kipo! Apana, sijauza! Mutoto yuko ndani ya telefone, anafanya mutihani! Ndiyo, ndani ya telefone!"

Hamissi akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika. Kudra naye akacheka, kidogo tu, halafu akarudi kwenye swali.

Kifaransa kilikuwa cha mwisho. Hapo alikaa sana. Alitakiwa aandike sababu za kuchagua kitivo chake, naye aliandika, akafuta, akaandika, akafuta. Saa ya pembeni ikawa nyekundu. Mwishowe akaandika sentensi fupi fupi alizokuwa na hakika nazo, akabonyeza, akaiweka simu mkekani.

Majibu yalikuja baada ya muda, mistari mitatu.

"Umefaulu ao umeanguka?" Hamissi aliuliza.

"Si ya kufaulu wala kuanguka, Papa. Inasema tu niko wapi."

"Na uko wapi?"

"Hesabu, niko juu. Sayansi, katikati. Kifaransa cha kuandika..." Akaishusha simu mapajani. "Niko chini."

"Chini sana?"

"Chini sana. Wameniweka kwa kikundi cha musaada. Kila Jumanne na Alhamisi, mwezi muzima."

Hamissi akasogea karibu. "Lakini umeingia?"

"Nimeingia."

Akaomba aone kile kiduara. Kudra akamwonyesha. Kilikuwa kijani. Hamissi alikitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama kitu kidogo hivyo, kisha akasema amechelewa kuoga kwa ajili ya swala ya Ijumaa, akatoka haraka, akaacha nyaya zimeunganishwa, jambo ambalo hakuwahi kumsamehe fundi yeyote.

*

Jumamosi Prudence alikuja kuchukua Carina yake. Hamissi alimwonyesha pampu mpya ya maji, akawasha injini, akaizima. Rachidi alikuwa palepale, na kijana wa rangi. Hamissi hakuwafukuza wala hakushusha sauti.

"Monsieur Prudence, ile siku nilikuambia labda ni Kudra mwingine. Alikuwa huyu wangu."

"Najua, muzee. Jana nimeona ameingia." Prudence alitabasamu. "Na hesabu zake nimeziona. Lakini mbona alichelewa vile?"

Kudra alikuwa amefika na chakula cha baba yake, bakuli limefungwa kwa kitambaa. Hamissi akamwita. "Muulize mwenyewe."

Kudra akamwambia. Alimweleza kuhusu sifuri, dirisha, na amphi tupu, bila kulalamika, kama anavyoeleza mtu njia ya kwenda kwake. Prudence akavua miwani, akaifuta, hakuivaa.

"Iko wengine wengi kama weye hawajaingia," akasema. "Sisi kwa ofisi tulisema, wameacha. Jumatatu asubuhi tunafuta majina."

"Musiwafute, Monsieur."

"Lakini tumewaandikia! Plateforme imewatumia ujumbe mara ngapi!"

"Ujumbe uko ndani, Monsieur. Na wao wako inje."

Nyundo ya Rachidi ilisimama. Prudence alimtazama msichana yule, halafu akatazama chini, kwenye mafuta yaliyomwagika, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha mwenyewe.

"Unataka tufanye aje?" aliuliza, na ilikuwa wazi kwamba anauliza kweli.

Kudra hakuwa amejiandaa, lakini jibu lilikuwepo. Iwekwe meza, nje, karibu na geti, si ndani ya ofisi. Awepo mtu wa kuongea Kiswahili na mtu wa kuongea Kirundi. Asiye na email afunguliwe palepale. Asiye na simu afanye test palepale. Na habari isitangazwe ndani ya jukwaa. Isambazwe kwa sauti, WhatsApp, ifike kwa mama zao na wajomba zao.

"Na nani atakaa kwa hiyo meza?"

"Mi," Kudra alisema. "Na Lisette, nikimuomba."

Prudence akavaa miwani. "Nitaomba wiki moja. Siwezi kukuahidi zaidi."

"Wiki inatosha kuanza."

Gari lilipotoka, Rachidi akasema, bila kumtazama mtu, "Papa Ingénieur, chakula chako kinapoa."

*

Jioni ileile Prudence akapiga simu: wiki imekubaliwa. Jumapili Kudra alirekodi ile sauti ya tangazo. Mara ya kwanza alisoma kutoka kwenye karatasi, na Assia akakataa. "Apana. Unasoma kama redio. Hivyo hata kitenge hauuzi. Ongea kama unamuita mutu yuko upande ule wa barabara, na unamupenda." Kudra akaitupa karatasi. Lisette akaleta mwenzake wa kurudia yote kwa Kirundi. Assia aliiweka sauti kwenye status yake, kati ya kitenge cha bluu na mitandio mipya, na kwa mara ya kwanza wateja wakampigia wasiulize bei.

Jumatatu meza iliwekwa kando ya geti. Kijana wa dirishani ndiye aliyeleta waya wa umeme kutoka ofisini, akauunganisha mwenyewe, akauliza kama unafika. Kudra akasema unafika, asante.

Asubuhi nzima hakuja mtu. Wanafunzi walipita, wakaangalia meza, wakaendelea. Lisette akaanza kupiga miayo. Kudra alifungua kompyuta ya kuazima, akaifunga, akaifungua. Alijua kwamba waliofungiwa wapo. Alijua hata wanavyotembea, wakijifanya wana haraka.

Karibu na adhuhuri mwanamke mmoja alipita mara mbili. Hakuwa na umri wa wanafunzi wengine. Alikuwa na mtoto mgongoni na viatu vyenye vumbi la safari ndefu. Mara ya tatu akasimama.

"Ni hapa munafungulia watu?"

"Ni hapa, mama. Karibu."

"Si mi. Ni mudogo wangu. Alifundishaka shule ya musingi, sasa wamemukubali hapa." Akarekebisha kitambaa cha mtoto. "Yeye anaona haya kuja. Ndiyo amenituma."

"Haina shida. Anaitwa nani, mudogo wako?"

"Béatrice."

Akataja na jina la pili. Kudra akaandika. Ukurasa ukafunguka na kiduara chake cha kijivu, na pembeni ikatokea picha ya usajili: macho yaleyale, kovu lilelile dogo juu ya nyusi. Kudra akaitazama picha, akamtazama mwanamke. Béatrice alikuwa anatazama geti, tayari kuondoka.

Lisette, aliyekuwa ameona, akafungua mdomo. Kudra akamkanyaga mguu chini ya meza. Akaigeuza kompyuta ili waliokuwa wakipita wasione kioo.

"Munafanana sana na mudogo wako," akasema polepole.

Béatrice akageuka. Aliiona ile picha. Mkono wake ukaenda mdomoni, na kwa muda haikujulikana kitakachotoka ni nini. Kilichotoka ni kicheko, kikubwa, cha kutoka tumboni, mpaka mtoto mgongoni akaamka akaanza kulia.

"Tunafanana," akasema, akipangusa macho. "Watu wote wanasemaka hivyo."

Kudra akamvutia kiti.

"Kaa basi," akamwambia. "Tumufungulie."